Dawa ya Kansa ya Damu kwenye Kongosho la Mama

Nilipopunguzwa kazini kwenye bohari ya dawa ya serikali, nilifanya kama wengine wote miaka ile ya ruksa, kila mtu aliporuhusiwa kufanya biashara: nikafungua duka. Pale Makambako wenzangu walifungua gesti au wakauza mitumba. Mimi, kwa kuwa nilishawahi kupanga maboksi ya dawa kwenye rafu, nikafungua duka la dawa, nikawa mtaalamu wa dawa. Wateja waliniita daktari, nami sikuona sababu ya kuwavunja moyo.

Ndipo mama yangu akashuka kutoka kijijini kwetu Ipelele, macho yamekuwa ya manjano. Mtaalamu nikampa dawa ya malaria. Wiki ya pili nikampa ya minyoo. Aliposema tumbo linamuuma hadi mgongoni, nikampa ya vidonda vya tumbo, na ningemaliza rafu nzima kama asingesema, "Binti yangu, nipeleke kwa mtu anayejua."

Hospitalini Njombe tulipokewa na daktari wa kike, mdogo kuliko mimi. Alimpiga mama picha ya tumbo, akatuketisha, akatuambia ni kansa ya kongosho na imeshasambaa. Kisha akasema kuna vidonge vya zamani vya kutibu kansa ya damu. Madaktari wa nje walikuwa wanavijaribu kwa kansa nyingine, na yeye alikuwa amepewa kibali cha kuvitoa kwa mgonjwa atakayekubali.

"Vitamponya?" nikauliza.

"Sijui."

Nilimdharau papo hapo. Dukani kwangu hakuna mteja aliyewahi kulisikia neno hilo.

Mama akamsogelea. "Dawa ya damu itajuaje njia ya kwenda kwenye kongosho?"

"Damu inafika kila mahali, bibi. Dawa inazuia chembe mbaya zisizaane. Huenda ikazizuia na hizi zako. Huenda isizizuie, ikakudhoofisha bure."

"Kwa hiyo mimi ni shamba la majaribio."

"Ndiyo, bibi."

Mama akatabasamu. "Bwana shamba alituletea mbegu mpya za viazi, akaapa zitazaa mara tatu. Zikaozea ardhini. Wewe angalau umesema hujui. Nipe."

Kaka yangu, mfanyabiashara wa mbao, alikuja mbio kunigombeza. "Unampaje mama dawa ya ugonjwa asio nao?" Kwa kuwa yeye alikuwa akitibu jino lake kwa maji ya betri, nilimsikiliza kwa heshima zote.

Mama alilala chumba cha nyuma ya duka, na kila wiki tulirudi Njombe akapimwe damu. Alitapika sana. Wiki ya nne akaamka akala ugali na njegere, akaomba tena. Mtaa mzima ukapata shahada ya udaktari. Jirani akasema macho yameng'aa. Hata mimi nikayaona yameng'aa. Nikampeleka Njombe nimevaa gauni la sikukuu.

Daktari akatazama picha mpya. "Uvimbe umekua. Na chembe za damu zimeshuka sana. Tuache."

"Lakini anakula," nilisema, kana kwamba nilikuwa nabishania bei.

"Anakula kwa sababu maumivu tumeyatuliza, dada."

Mama akamgeukia daktari. "Andika kwamba kwangu haikufaa, usije ukasahau ukampa mwingine."

"Mgonjwa mmoja hatoshi kutujulisha, bibi. Ila nitaandika." Akaandika kwa Kiingereza, na mama akamtaka asome kwa Kiswahili. Alipomaliza, mama akasema, "Hujaandika kuwa nilitapika." Daktari akaongeza.

Tulimrudisha Ipelele na chupa ya dawa ya maumivu. Alifariki viazi vilipoanza kuchimbwa, asubuhi ya ukungu, mkono wake mikononi mwangu, na mtaalamu wa dawa sikuwa na la kumpa ila maji kwa kijiko.

Daktari alikuja mazikoni, juu ya lori lililokuwa likifuata viazi. Kaka akamkalisha, akamweleza kwa kirefu kwamba alikosea: macho yakiwa ya manjano, dawa ni ya ini, tena ipo ya mizizi. Daktari akamsikiliza hadi mwisho, sahani ya wali ikipoa mapajani.

"Umewahi kumwona mtu wa kongosho aliyepona kwayo?" akamuuliza.

"Sijamwona," kaka akasema, "lakini nina uhakika."

Nikamnyang'anya kaka kiti, nikakaa karibu na yule binti daktari, nikamwomba ale.