Nauli ya Kupanda Gari Langu

Mimi Rajabu wa Mkata si mtu wa kushangazwa. Nimesoma mpaka darasa la pili. La tatu niliona litanichelewesha. Nilianza na magunia mawili ya mkaa kichwani, na leo Handeni nzima inaijua Landrova yangu, yenye jina langu mlangoni kwa rangi nyekundu. Mtu aliyefika hapo kwa jasho lake, ni kipi tena kitakachomtoa macho?

Safari hii ilitokana na habari mbili. Kwanza, kule Mazinde shamba moja la mkonge lilikuwa limechukuliwa na umma, na gari la kale la meneja aliyeondoka lingepigwa mnada Jumatano. Pili, daktari mmoja Mjerumani, mwenye kupita Mombo kila Alhamisi akienda Lushoto, alikuwa akikusanya magari ya kale. Gari likiwa kuukuu zaidi, ndivyo anavyolipa zaidi.

"Kumbe kitu kikizeeka bei inapanda?" mke wangu, Mama Zuhura, aliniuliza. "Basi mimi mbona sioni hata kanga mpya?"

Mambo ya biashara hayaelezwi jikoni.

Jumanne asubuhi niliondoka Mkata, nikapita Segera, na adhuhuri nikafika Korogwe kwa Mzee Hatibu, mwenye duka la mabati. Niliomba elfu tatu, nikaweka Landrova rehani. Nisipozirudisha kabla ya Ijumaa ya pili, gari ni lake.

"Na riba, mzee?"

"Astaghfirullah! Riba haramu, mwanangu," alisema huku akichukua ufunguo. "Ila gari nalo lisilale bure. Nitalitumia kidogo."

Nikaona huyu mzee mjinga. Nikalala kwake, nikala pilau yake.

Jumatano alfajiri nilikwenda stendi kutafuta basi la Mombo. Basi halikuwepo. Ilikuwepo Landrova, jina langu mlangoni, Mzee Hatibu kwenye usukani na utingo wake akipiga bodi: "Mnadani! Mnadani Mazinde! Shilingi mbili!"

"Mzee, hili si gari langu?"

"Ni lako kabisa, mwanangu. Shilingi mbili."

Nikalipa. Tukajazana kumi na watatu, wote wanakwenda mnadani. Yaani washindani wangu walibebwa na gari langu, kwa petroli niliyoinunua mimi! Karibu yangu alikaa Mnyamwezi mmoja, Mihambo, mkata mkonge wa siku nyingi wa shamba lile lile. Aliposikia mimi Mzigua, utani ukaanza papo hapo.

"Mtani, unakwenda kununua jembe? Nani atakufundisha kulishika?"

"Nakwenda kununua gari la meneja," nilisema, ili gari zima lisikie. "Elfu tatu taslimu, ziko hapa kifuani."

Mihambo akanitazama kifuani, akatulia. Hata utani akauacha. Nikajua nimemnyamazisha.

Saa nne tulifika Mazinde. Gari lilikuwa chini ya turubai, na lilipofunuliwa watu waliguna. Jeusi, taa kama sinia, nikeli inang'aa mpaka unajiona meno. Dalali alianza na mia tano. Nikasema sita. Wa Korogwe walifika elfu moja wakachoka. Nikaanza kutabasamu.

"Elfu na mia tano!" Alikuwa Mihambo, kaptula yake imetoboka matako yote mawili.

Watu wakacheka. Mtani hakasirikiwi, kila mtu anajua. Lakini dalali alikuwa mgeni, utani hakuujua, akaandika. Nikasema elfu mbili. Mihambo akasema mbili na nusu, "maana Mzigua akiendesha hili atafungia kuku humo ndani." Nisingekubali kushindwa na Mnyamwezi mbele ya umma. Alipofika elfu mbili na mia tisa, akakaa chini, akajipepea kofia.

"Elfu tatu!" nikapiga kelele.

"Imekwenda!"

Nikafungua boneti ili watu waone injini ya bei hiyo. Akatoka kuku, nyuma yake vifaranga saba. Injini hakuna.

"Injini inatuvutia maji kambini tangu meneja aondoke," Mihambo alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kuku nimemfungia mimi, mtani. Na sasa unidai nini? Nimekupa heshima mbele ya watu. Nipe mbuzi."

Nikampa shilingi thelathini na tano za mbuzi. Utani ni utani.

Gari likavutwa mpaka Mombo. Lililolivuta ni Landrova yangu, na Mzee Hatibu alitoza arobaini.

Alhamisi Mombo, daktari alilizunguka gari mara tatu, akapiga magoti, akachungulia.

"Injini nitapata Ujerumani," alisema. "Elfu mbili mia saba na hamsini."

Nikazikamata kabla hajabadili mawazo. Zilipungua mia mbili na hamsini, na bila hizo Landrova ilikuwa imekwenda. Mzee Hatibu akanirudisha Korogwe bure, nyuma, juu ya magunia.

Ijumaa nilifika Mkata kwa basi la mtu mwingine. Mama Zuhura alikuwa na fedha za upatu. Nilimweleza kwa kirefu jinsi biashara kubwa zinavyohitaji nyongeza ndogo.

"Nitakupa," alisema. "Weka redio rehani."

"Unanitoza riba, mke wangu?"

"Riba haramu, Baba Zuhura. Ila redio nayo isilale bure."

Jumatatu niliikomboa Landrova, na mahindi ya msimu ule ndiyo yaliyolipa deni la Mama Zuhura. Mpaka nilipomlipa, kila siku alikuwa akisikiliza taarabu na majirani zake uani, mimi nikisubiri taarifa ya habari mlangoni.

Nilichojifunza ni kwamba mkopo usio na riba uuangalie magurudumu. Nauli shilingi mbili, mbuzi thelathini na tano, kuvutwa arobaini, hasara mia mbili na hamsini. Na redio iliporudi ilikuwa kimya, nikanunua betri nne kwa shilingi nne. Jumla, shilingi mia tatu thelathini na moja.