Mstari wa Bluu Nyuma ya Jiko

Ramani ile mama aliipata ndani ya kosta. Kila Jumamosi kampuni ya viwanja ilikuwa ikiwabeba wateja kwenda kuona maeneo, nyuma kabisa ya Tegeta, na kila abiria alipewa soda, biskuti na ramani ya rangi. Mama, mwalimu aliyestaafu, alikuwa na kiinua mgongo chake chote na hofu moja tu: kwamba kingeisha kabla hajapata pa kulala pake mwenyewe. Ramani ilimtuliza. Ilikuwa na shule, zahanati, barabara pana, na mstari wa bluu, yaani mtaro wa maji ya mvua. Tulipohamia akaitia fremu na kuitundika sebuleni, karibu na picha yangu ya mahafali.

Mimi nimesomea mipango miji. Najua ramani za namna ile zinavyodanganya. Hadi leo hakuna shule, hakuna zahanati, hakuna mtaro. Kila masika maji huingia kwanza jikoni kwetu, halafu kwa majirani. Sisi wakazi ndio tuliojaza viroba vya mchanga, na sisi ndio tuliochangia kalavati la kupitisha maji chini ya barabara, ambalo mvua ililing'oa. Kampuni ilikuwa imeshahamia kuuza pori jingine, Mbagala ya ndani.

Mwakilishi wao alikuja kwenye mkutano wa mtaa, shati limenyooshwa pasi. Nikasimama.

"Shikamooni wazee. Nauliza hivi: kwa nini anayefungua mtaa mpya halipishwi tozo ya barabara na mitaro kabla hajauza hata kiwanja kimoja? Faida iwe yake, maji yawe yetu?"

Makofi. Fundi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Mpeni maiki huyo!"

Mwakilishi akatabasamu. "Dada yangu msomi, hiyo tozo tungeiweka wapi kama si kwenye bei? Mama yako angenunua?"

"Angenunua kiwanja chenye mtaro."

"Asingenunua kabisa, sista. Angekuwa bado amepanga Ukonga."

Wakacheka, hata wale walionipigia makofi. Njiani mama akaniambia, "Mwanangu, achana na hayo mambo." Nikaona ni woga wa wastaafu. Kesho yake niliandika barua kwenda manispaa, kudai kampuni ilipie mtaro ule ule iliouchora. Nilipita nyumba hadi nyumba, wote wakasaini. Nikaiambatanisha na ramani ya mama, niliyoitoa kwenye fremu bila kumuuliza.

Sikutegemea kujibiwa, lakini mpimaji alikuja. Alitembea na kifaa chake akiangalia kioo, akapita uani, akaingia jikoni, akasimama kando ya mtungi wa gesi.

"Mama, mtaro ndio huu."

"Uko wapi?" mama akauliza.

"Hapa tuliposimama. Eneo hili liliachwa kwa ajili ya maji."

Ramani ya mama alikuja nayo, na ndipo nilipoisoma kama nilivyofundishwa. Namba za viwanja ziliishia themanini na nne. Chetu ni themanini na saba. Kampuni ilipomaliza viwanja, ilikata na kuuza mstari wa bluu. Miaka yote ramani ilining'inia juu ya kichwa changu, na mimi mtaalamu sikuwahi kutafuta kwetu ni wapi.

"Walisema ni vipande vya mwisho, bei nafuu," mama alisema. "Nilijua kuna kitu. Sikuuliza."

"Mbona hukuniambia?"

"We uliniuliza?"

Mpimaji alipaka alama ya X nyekundu, ya kubomolewa, kwenye ukuta wa jiko, akaondoka. Yule fundi wa kwenye mkutano alisimama getini. "Msomi, si ulitaka mtaro? Ndio huo sasa!" Nilimpigia mwakilishi wa kampuni. Akasema mama alipewa ofa, akasaini, ni mtu mzima.

Mama alifuta vumbi la chokaa kwenye sufuria zake, akakaa. "Andika nyingine," akasema. "Waambie walipe mtaro, na walipe jiko langu. Ila safari hii unisomee kabla hujapeleka."

Nilimsomea mara mbili. Kisha nikapita tena nyumba hadi nyumba. Watu walinikaribisha vizuri, wakanipa maji ya kunywa, wakasema watafikiria. Mvua zinakaribia na mtaro wanautaka, hata ukipita jikoni kwetu.

Barua ya kwanza ilikuwa na sahihi za mtaa mzima. Hii ina mbili, yake na yangu.