Farasi wa Mvuka Mito Si Yule

Saa mbili asubuhi, Kaisho. Gaudiosus Rwezaura anakunja shuka kubwa jeupe ambalo jana jioni lilikuwa ukuta wa sinema. Kazi haiendi, kwa kuwa wazee watatu wafugaji wamesimama juu ya pindo lake.

"Shikamooni, waitu," anawaamkia kwa neno la heshima la huku.

"Marahaba. Yule farasi wa jana ni yule?" anauliza Mzee Kamugisha.

"Karatasi inasema ni yule."

"Sikuiuliza karatasi."

Gaudiosus, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni mzaliwa wa Muleba na mfasiri wa gari la sinema. Kwa miaka kumi na mmoja amezunguka nalo Karagwe yote, akikaa kando ya shuka na kipaza sauti, akieleza kwa Kinyambo yale wanayosema Wazungu wa kwenye picha. Kwanza huonyeshwa picha ya kusisimua ili watu waje, kisha picha ya mafunzo.

Iliyopendwa kuliko zote ni ya shujaa ambaye watu wa huku humwita Mvuka Mito. Zilikuja picha zake tatu. Katika ya tatu alipita juu ya daraja linaloungua, yeye na farasi wake wa kijivu, akatoweka motoni. Watu wakabaki wakimngoja kwa miaka minane.

"Katika kila soko niliulizwa habari zake," anasema Gaudiosus. "Nikawaambia yuko njiani. Nami nilikuwa naamini."

Jana alifika, katika picha ya nne. Watu walitembea kutoka Mabira na Songambele kumwona. Wakamkuta mzee mwenye tumbo, ameketi kitini, anamsimulia mama mmoja mambo ya zamani. Mto aliuvuka mmoja, tena kwa mashua.

"Baba Gaudiosus," aliita Verdiana, mkulima wa kahawa, "huyo amekuja kuvuka mito au kukanda magoti?"

Watu walicheka, na Gaudiosus akacheka nao. Ndipo farasi akatokea, naye Gaudiosus akasoma karatasi ya maelezo iliyokuja na picha: huyu ndiye farasi wake wa siku zote. Wafugaji wakatazama miguu yake.

"Yule wa kwanza alikuwa na weupe mguu wa nyuma, kushoto," anasema Kamugisha asubuhi hii. "Huyu anao miguu yote miwili ya mbele. Mtu akizeeka sura hubadilika, nakubali. Weupe wa mguu hauhami."

Neno hilo lingeishia kwenye kicheko kama isingekuwa picha ya pili ya jana. Ilionyesha ng'ombe mgonjwa akidungwa sindano, kisha akaonekana amenenepa. Jumanne ijayo bwana mifugo anakuja Kaisho kudunga ng'ombe dawa hiyohiyo. Kamugisha ana ng'ombe sitini na wawili.

"Kama farasi alibadilishwa nawe ukatuambia ni yule," anasema, "huyo ng'ombe mnene nitajuaje kuwa ndiye aliyeugua?"

Gaudiosus anautoa mkanda wa picha hiyo kwenye kopo, anauinua juani, anampa mzee kioo cha kukuzia. Kamugisha anatazama kwa muda mrefu.

"Mgonjwa, pembe zake zinatazamana," anasema. "Mzima, zimeachana. Ni ng'ombe wawili."

Mfasiri anachukua kioo, anatazama, kisha anaketi juu ya debe la petroli.

"Picha hii nimeieleza labda mara mia mbili," anasema. "Niliona ng'ombe tu. Sikujua kama ni mmoja au wawili."

Kinachomchanganya ni kwamba dawa yenyewe anaijua. Ng'ombe wa kaka yake kule Muleba walidungwa sindano hiyo miaka mitatu iliyopita, wakapona ugonjwa uliomaliza zizi la jirani. Anajisemea, "Dawa ni ya kweli, picha imedanganya. Sasa nishike lipi? Nikisema picha ni uongo, hawataleta ng'ombe, na ng'ombe watakufa. Nikisema ni kweli, mwongo ni mimi."

Mwishowe anawaambia wazee yote mawili kama yalivyo. Wanateta pembeni.

"Kaka yako hatumjui," anasema Kamugisha. "Wewe tunakujua. Nitaleta mmoja, si sitini na wawili. Lakini umjue kwanza. Baada ya miezi miwili urudi, uwaambie watu kama ng'ombe wanayemwona ndiye huyo aliyedungwa."

Saa tisa alasiri Gaudiosus yuko malishoni na daftari lake. Amechora pembe za ng'ombe mwekundu aitwaye Bihogo, ameandika baka la shingoni na sikio lililochanika. Mzee anamwambia ageuke asitazame, anamchanganya Bihogo na wenzake, kisha anamwita amtafute. Mara mbili ameshika ng'ombe mwingine.

"Kesho gari linakwenda Songambele, Jumanne nitakuwa nimerudi kumwona akidungwa," anasema huku akifuta jasho. "Nataka miezi miwili ikiisha nisimame mbele ya watu bila karatasi, niseme ni huyu, na iwe kweli."

"Haya, geuka," anasema Kamugisha.