Kesi ya Pepo na Binti Yake

Chuo kikuu kilipofungwa kwa sababu ya mgomo, nilirudi nyumbani upande wa Sigowet na begi la nguo, vitabu viwili vya falsafa ambavyo sikuwa nimevisoma, na kitabu cha katuni nilichonunua jijini kwa mtu aliyetandaza magazeti ya zamani kando ya barabara. Vile vya falsafa havikumsumbua mtu. Kile cha katuni nusura kimwondoe baba yangu kwenye uzee wa kanisa.

Kilikuwa cha Kiingereza, kimechakaa pembeni. Kwenye jalada alisimama pepo mwenye ngozi ya kijani na pembe kama za fahali, moto ukimtoka mdomoni. Mbele yake, akielea hewani, alikuwa binti yake wa kumzaa, amevaa buti nyekundu na nguo ya kubana ambayo mama alipoiona aliuliza sketi imeenda wapi. Pepo alitaka kuiteketeza dunia na binti alitaka kumzuia. Hadithi ilikuwa ni hiyo tu. Kurasa nyingine zote zilikuwa ngumi.

Baba alikuwa mkulima wa chai na ng'ombe wachache wa maziwa, lakini ukimuuliza yeye ni nani angekwambia ni mzee wa kanisa. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kusoma matangazo Jumapili. Kikao cha akina mama, harambee ya mabati, ndama aliyepotea: yote aliyatangaza kwa sauti ambayo wengine wangeiweka akiba kwa ajili ya kurudi kwa Bwana. Mhubiri angeweza kuwalaza watu usingizi kwa saa nzima, lakini baba akisimama na kukohoa, kila mtu alikaa wima.

Mimi aliniita Kogo, yaani nyanya. Kwetu Wakipsigis mtoto akizaliwa, akina mama hukaa naye ndani na kuita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, huku wakimgusisha ugoro kidogo puani. Jina atakalopigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Mimi nilipiga chafya kwa jina la nyanya yake baba, mwanamke aliyefariki zamani, na tangu siku hiyo baba akanihesabu kuwa ni yeye.

Nilipofika mwaka wa pili chuoni nilimweleza kwamba ugoro humfanya mtoto yeyote apige chafya.

"Wangechelewa kidogo tu kwenye orodha," nikasema, "leo ningekuwa shangazi yako."

"Kogo," akasema, "nenda ukachote maji."

Hivyo ndivyo alivyomheshimu nyanya yake.

Sasa, miaka hiyo nchi nzima ilikuwa imeshikwa na hofu ya ibada za shetani. Mtu akinunua gari, ameuza roho. Akipaka nyumba rangi nyekundu, ndiyo hiyo. Kanisani kwetu mchungaji aliagiza kila mtu apekue nyumba yake na kuleta chochote chenye alama za giza. Watu walileta fulana, mikufu, na saa moja ya ukutani iliyokuwa ikigonga saa zisizofaa. Mimi, kwenye mkutano wa vijana, nilinyoosha mkono na kuuliza ni kwa nini mashetani wanafuata wenye magari tu, na kama kuna mtu ameshawahi kuona hata mmoja akimfuata mtu anayetembea kwa miguu. Mchungaji alisema swali hilo ataliombea.

Alikuwa bado analiombea wakati mwenyekiti wa akina mama alipopita kwetu kuomba mbegu za viazi. Mama alimkaribisha ndani na kumkorogea chai. Akakaa kwenye kiti ambacho mimi nilikuwa nimetoka kukikalia, akahisi kitu chini yake, akakivuta, akakutana uso kwa uso na yule pepo wa kijani. Chai hakuinywa. Mbegu hakuchukua. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua kwamba nyumbani kwa mzee wa matangazo kuna picha ya Shetani, na tena ameipiga akiwa na familia.

Ujumbe wa mchungaji ulifika kesho yake: wazee wa kanisa watakaa Jumamosi. Mzee ambaye mtoto wake anabishana na mchungaji na kuficha Shetani chini ya mto wa kiti hawezi kusemwa kwamba anaongoza nyumba yake, na asiyeongoza nyumba yake hawezi kuongoza ya Mungu. Baba alete kitabu. Mimi nije pia.

Baba hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Aliketi nje na kile kitabu magotini, akageuza ukurasa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole kana kwamba kina moto kweli. Kiingereza chake kilikuwa cha kusomea mifuko ya mbolea.

"Huyu ndiye Shetani?"

"Ni pepo tu wa kubuniwa, baba. Hayupo."

"Na huyu msichana anayempiga teke?"

"Ni binti yake."

Akakiinua karibu na macho. "Anampiga teke baba yake?"

"Baba yake anataka kuua watu wote."

"Hilo nimeona. Nauliza teke." Akafunga kitabu. "Hata kama baba ni mbaya, mtoto anaanzaje kumpiga teke? Hakuna wajomba?"

Jumamosi kikao hakikufanyika kanisani, kwa sababu wazee wote walikuwa na majani ya kuuza. Kilifanyika kwenye kibanda cha kituo cha chai. Mvua ilikuwa imenyesha, lori la kiwanda lilikuwa limekwama mahali fulani kwenye matope, na karani alishapima mizigo yote, kwa hiyo hatukuwa na la kufanya ila kungoja na kuyageuza majani yasije yakapata moto. Walikaa kwenye benchi: mchungaji, mzee mmoja mkongwe asiyeona vizuri, mwenye duka, na mwenyekiti wa akina mama kama shahidi. Mwenye duka alikuwa Mkikuyu aliyehamia kwetu zamani, na kwa ajili yake kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili. Baba hakukaa. Alisimama akigeuza majani yake, ambayo hayakuhitaji kugeuzwa tena.

Mchungaji alitaka mambo mafupi. "Kitabu kichomwe. Msichana atubu mbele ya kanisa. Mzee apumzike kidogo na matangazo."

Nilimwona baba akishika konzi ya majani na kusahau kuiachia.

"Ngoja," mzee mkongwe akasema. Maisha yake yote alikuwa ameketi kwenye kokwet, baraza la wazee wa kijiji linaloamua kesi za mipaka na za ndoa, na hakuwahi kuona kesi asiyoipenda. "Mnachoma kitu hamjui kinasema nini? Msichana, soma. Hata Shetani asikizwe."

"Mzee!" mwenyekiti wa akina mama akashtuka.

"Asikizwe halafu achomwe. Soma."

Nikasoma, nikitafsiri picha baada ya picha. Pepo anacheka. Pepo anabomoa daraja. Binti anatokea mawinguni. Binti anasema, baba, leo ni mwisho wako. Nilitarajia wanikatize kwa maombi. Mzee mkongwe alinikatiza kwa swali.

"Mama ya huyu msichana ako wapi?"

"Alikufa alipomzaa."

"Alikuwa ameolewa vizuri? Ng'ombe zilipelekwa kwao?"

"Kitabu hakisemi. Kinasema pepo alimteka."

Mzee akapiga goti lake kofi. "Si mnaona? Alimchukua bure! Basi huyo si mtoto wake. Ni wa kina mama yake. Hana baba wa kupiga teke."

"Lakini damu ni yake," mwenye duka akasema.

"Damu! Wewe unauza duka, unajua nini kuhusu damu?"

"Wazee," mchungaji akasema, "tunazungumza habari za Shetani."

"Tunazungumza habari za nyumba yake," mzee akajibu. "Jina alipewa na nani?"

Nikarudi nyuma kurasa chache. Kulikuwa na picha ya pepo amembeba mtoto mchanga juu ya shimo la moto, akilitamka jina lake. "Baba yake ndiye alimpa."

Kibanda kizima kikaguna. Hata karani, ambaye hakuwa wa kanisa letu, aliinua kichwa.

"Mwanaume?" mwenyekiti wa akina mama akasema. "Alimpa jina yeye mwenyewe? Hakuita akina mama?"

"Picha inaonyesha yuko peke yake."

"Wooi! Kumbe hakuna mtu aliyerudi ndani ya huyo mtoto. Ni mtupu. Ndiyo maana anaruka ruka hewani." Mama yule yule aliyekuwa ameacha chai ikapoa alikuwa sasa amesogea hadi begani pangu. "Hebu nionyeshe hapo tena."

Nilikuwa nimesoma mambo mengi chuoni kuhusu nguvu za uovu, lakini sikuwa nimekutana na nadharia kwamba tatizo la uovu ni kukosa akina mama siku ya kupewa jina.

Mwenye duka hakuridhika. "Kwetu haiwezi kuwa mtupu," akasema. "Msichana wa kwanza ni mama ya baba yake. Iko hivyo tu, hakuna kuita. Kwa hivyo kama huyu ndiye wa kwanza, basi huyu hapa ni mama ya huyu shetani."

Mzee mkongwe aligeuza uso wake taratibu kuelekea sauti ilikotoka.

"Rudia."

"Ni mama yake. Amerudi."

"Kwa hivyo hapa," mzee akasema, akigusa ukurasa usiohusika, "shetani anachapwa na mama yake."

"Eeh."

"Hiyo ni halali kabisa."

Mwenyekiti wa akina mama akacheka hadi akashika mdomo. Mchungaji akajaribu kukunja uso lakini mdomo wake haukumtii. Na mzee, akiwa ameshaionja kesi, hakuwa tayari kuiacha. Akaelekeza fimbo yake kwa baba.

"Na huyu msichana wako, wewe unamwitaje?"

Baba akafuta mikono kwenye koti. "Kogo."

"Ni nyanya yako yule wa upande wa baba?"

"Ndiye."

"Mimi nilimjua," mzee akawaambia wengine. "Niliogopa kupita kwake. Chifu alimtuma askari aje kumwita barazani, yeye akamuuliza askari, chifu hana miguu? Wamisionari walipokuja alitaka kujua Adamu alilipa ng'ombe ngapi. Sasa mchungaji, unasema huyu mzee hawezi kuongoza nyumba yake. Nani hapa anaweza kuongoza nyanya yake? Wewe unaweza?"

Mchungaji akasema hayo ni mambo ya mila. Lakini alisema akiangalia viatu vyake, na sote tulijua kwamba mama yake mwenyewe, muumini asiyekosa ibada, bado alimwita babu.

"Kama msichana ndiye yule," mchungaji akasema mwishowe, "hatuwezi kumhukumu mzee kwa sababu yake. Lakini lazima aseme mwenyewe." Akanigeukia. "Binti, wewe ni nyanya ya baba yako au sivyo?"

Hapo ndipo niligundua kwamba kibanda kizima kinanitazama, isipokuwa baba. Baba alikuwa ameinamia majani. Masikio yake yalikuwa yamesimama. Ningeweza kueleza habari za ugoro na pua ya mtoto mchanga. Nilikuwa na hoja hiyo tayari, imepangwa vizuri, na nilikuwa nimeshawahi kuwashinda nayo wenzangu bwenini. Pia nilijua kwamba nikiitoa, Jumapili mtu mwingine angesimama mbele na kugugumiza matangazo ya ndama wa watu.

"Nilipiga chafya kwa jina lake," nikasema.

Ilikuwa kweli. Si jibu la swali lile, lakini ilikuwa kweli, na nilipolisema nililipa uzito kiasi kwamba mwenyekiti wa akina mama aliitikia amina.

"Imekwisha," mzee mkongwe akasema. "Mzee abaki na matangazo."

"Na kitabu?" mchungaji akauliza.

Wakanitaka nisome mwisho. Nikafungua nyuma, nikawaonyesha: kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa, labda na mtu wa kufungia njugu. Hakuna aliyejua kama binti alishinda. Mzee akanyoosha mkono, akakichukua, akakisokomeza ndani ya koti lake. Kesi ya pepo haijaisha, akasema, na ushahidi hauchomwi kesi ikiendelea. Sikukiona tena. Wakati huohuo lori likasikika likinguruma kwenye kona, na wazee wa kanisa wakaruka kama vijana, kila mmoja akikimbilia mzigo wake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, vikapu vitupu mgongoni, baba mbele na mimi nyuma. Tulipopita shamba la jirani, alipunguza mwendo.

"Kogo."

"Naam, baba."

"Yale umesema pale. Unaamini?"

"Niliulizwa, nikasema nilipiga chafya. Hilo lilitokea."

"Sijauliza hivyo."

Nikafikiria kumdanganya, na nikaona kwamba kwa siku moja nilikuwa nimeshakaribia vya kutosha.

"Siamini, baba."

Akatembea kidogo. Akahamisha kamba ya kikapu kutoka bega hili hadi lile.

"Basi usimwambie mtu mpaka Jumapili ipite," akasema. "Nina matangazo marefu."