Noti Moja, Dakika Nne

Helju Raudkivi alikuwa na miaka sabini na mitatu na mapafu mabovu. Miaka thelathini ya kuvuta vumbi la unga kwenye kiwanda cha mikate si mchezo. Katika kwaya ya mji wetu mdogo wa Türi nilisimama kushoto kwake miaka kumi na tisa, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Mwaka ule tukaletewa wimbo mpya uliotungwa na kijana mmoja wa mji wa Tartu. Sauti ya kwanza wananong'ona na kudondosha noti moja moja, kama matone kutoka paani barafu inapoyeyuka. Wanaume wanaingia na noti zilizobanana, zinakwaruzana mpaka meno yanakufa ganzi. Na sisi wa sauti ya pili? Noti moja tu, ya chini, dakika nne nzima bila kukatika. Eti sisi ndio ardhi ya wimbo. Ardhi gani hiyo, jamani!

Dakika nne haziendi kwa pumzi moja, kwa hiyo tunapokezana: jirani akivuta pumzi, wewe unashika. Ukirudi unarudi polepole, asikusikie mtu. Sisi wengine tulivuta kila sekunde kumi na tano, Helju kila sekunde sita.

Wiki moja kabla ya majaji kuja kutusikiliza, mwalimu wetu Merike alimvuta pembeni, hatua mbili tu kutoka nilipokuwa. Kwaya isiyopita haiendi mji mkuu, Tallinn, kwenye tamasha kuu la nyimbo, na tamasha huja kila miaka mitano.

"Mama Helju, usikasirike. Wimbo ule fungua mdomo tu, usitoe sauti."

"Nisimame kama sanamu la dukani?"

"Ni kwa ajili ya kwaya, mama."

"Tamasha lijalo nitakuwa na sabini na nane, binti, kama nitakuwepo. Nikienda, nakwenda kuimba. La sivyo, sketi yangu ya tamasha mpe Virve." Virve ndiye mimi. "Ingawa haitampita makalio."

Nilicheka, lakini iliniuma. Aliondoka bila kunywa kahawa.

Siku ya majaji alikuja, kavaa sketi yake ya milia, akasimama mahali pake. Kama ataimba au atafungua mdomo tu, hakuna aliyejua.

Dakika ya tatu kuna mahali wote wengine wananyamaza ghafla, inabaki noti yetu peke yake. Waoga sisi! Kila mmoja alikuwa amejipangia kimyakimya kuvuta pumzi hapo hapo, ili sauti yake isisikike ikikosea. Kumi na mmoja tukavuta kwa pamoja. Nikajua tumekwisha.

Noti ilikuwa bado ipo.

Nyembamba, yenye mkwaruzo, lakini mahali pake hasa. Helju alikuwa ameshavuta pumzi yake, akaishika noti peke yake mbele ya majaji watatu huku shingo imemsimama mishipa. Tukarudi mmoja mmoja, tukamfunika.

Baada ya wiki mbili barua ikaja: tumepita. Merike akatusomea maneno ya majaji. Alipofika kwenye sauti ya pili, "wanapokezana pumzi bila pengo lolote," machozi yakamtoka.

"Mama Helju, nilikosea. Nisamehe."

"Ulikosea, ndiyo," Helju akasema, akikohoa. "Sasa endelea kusoma, binti. Basi la Tallinn linaondoka lini?"