Mzigo wa Mwalimu Uliovuja Damu

Leo nilidhani naenda jela kwa ajili ya mzigo wa jirani.

Bodaboda alinikuta uani, akashusha kiroba kilichoshonwa mdomo. "Cha mwalimu wa nyumba ya pili, hayupo. Wewe si jirani yake?"

Ningekataaje? Mama amenifundisha kwamba mzigo wa jirani haurudishwi.

Alipoondoka tu, nikaona damu inachuruzika.

Nyama! Na sisi wa Mugumu, jirani na hifadhi ya Serengeti, tunajua: ukikutwa na nyamapori, hakuna anayeuliza ni ya nani.

Sijakaa sawa, gari la askari wa wanyamapori likasimama getini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Binti, kuna mzigo wa mwalimu umeletwa hapa?"

Uongo ulinishinda. "Upo. Lakini sijui ni nyama gani, na mama hajui chochote!"

Askari alicheka hadi akashika boneti. "Ni ya mbuzi! Nimeituma mimi, namshukuru mwalimu kwa kunifundishia mtoto."

Nikaangua kilio palepale.

Mwalimu ameshachukua kiroba chake, akatugawia maini. Mama ameyapika vizuri, lakini mimi nikiyatazama naiona ile damu tu.

Jamani, ninyi mngepokea bila kuuliza kilichomo?