Sauti ya Pili ya Anti Jerusha

Harufu ya mafuta ya nazi kwenye ngozi ya kichwa hunirudisha Al-Nuzha, Jeddah, Ijumaa asubuhi, nikiwa na miaka minane, nimebanwa katikati ya magoti ya Anti Jerusha. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani ghorofa ya chini yetu, na kila Ijumaa madam wake alimruhusu apande kwetu kwa muda wa saa mbili kunisuka. Kunisuka alinisuka kweli. Ila kilichomleta hasa ni karatasi iliyofichwa ndani ya gunia la mchele: wimbo wa ibada wa Kilatini, wa sauti nne, uliotungwa Ulaya zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Mama aliunakili kwa mkono katika solfa, yaani kwa do-re-mi, kama wanakwaya wa kwetu Kenya wanavyofanya.

Wimbo ule hauna kinanda. Sauti moja huanza, nyingine huifuata nyuma, mpaka zote zinakutana. Mama aliimba ya kwanza, Anti Jerusha ya pili, na baba, fundi wa maabara hospitalini, alibeba ya nne huku akirukia ya tatu kila alipopata upenyo, akitokwa jasho kama mtu anayehamisha makabati. Ibada yetu ya Kikristo haikuruhusiwa nchini humo, kwa hiyo madirisha yalifungwa, mashine ya kufulia ikawashwa bila nguo ndani, na watu wazima watatu wakaimba kwa kunong'ona. Sauti ya pili ilipopumzika, vidole vya Anti Jerusha navyo vilipumzika kichwani mwangu. Ndivyo nilivyoijua sauti hiyo ya pili yote. Juma zima alikuwa mtu wa kuitwa huku na kutumwa kule. Saa zile mbili ndizo zilizokuwa zake, na hata mimi nililijua hilo.

Lakini sikuwahi kuisikia sauti ile ikiimbwa kwa nguvu, na jambo hilo lilinikera. Siku moja nikitoka shule, nikiwa peke yangu kwenye lifti, niliiachia kwa nguvu zangu zote. Mlango ukafunguka, na madam alikuwa amesimama pale. Akaniuliza kwa upole, kwa Kiarabu, ni nani aliyenifundisha wimbo mzuri hivyo. Nikajibu kwa maringo kwamba ni Anti Jerusha, tunaimba kila Ijumaa, na wimbo ni wa Yesu. Akanipa biskuti ya tende. Niliimaliza kabla sijafika mlangoni kwetu.

Ijumaa iliyofuata Anti Jerusha hakupanda. Jioni ujumbe wake ulifika kwenye simu ya mama: "Halas, yamekwisha, Mama Neema. Napelekwa Riyadh, kwa dada yake madam, Al-Naseem. Sijaambiwa sababu. Mniombee." Madam hakuwa mtu mbaya, nadhani aliogopa maneno ya watu. Mama alilaumu kuta, baba akalaumu mashine ya kufulia kwamba kelele zake hazitoshi. Mimi sikuitaja lifti. Mama alinifumua nywele mwenyewe, na karatasi haikutolewa tena kwenye mchele.

Leo naishi Nakuru. Kwaya yetu huuimba wimbo uleule madirisha yakiwa wazi, hadi wauza mboga wa nje wanaujua. Jeddah nako, nasikia, vijana siku hizi wanajazana kwenye matamasha ya muziki hadharani. Mwaka jana nilipata namba ya Anti Jerusha, aliyekwisha kurudi kwao Kitale, nikampigia. Kabla sijasema langu, yeye ndiye aliyeanza kuniomba radhi. Ijumaa ile ya mwisho, alisema, alijisahau akapaza sauti, na bila shaka madam alisikia. Alikuwa ameishi na hilo miaka kumi na sita. Niliona aibu. Nikamweleza habari za lifti, na za biskuti pia.

"Ulikuwa mtoto, Neema," akasema. Kisha, polepole: "Lakini mimi niliacha kuimba."

Nikamwomba tuimbe mstari mmoja tu. Nilianza sauti ya kwanza, ile ya mama, nikafika mahali ya pili inapoingia, nikangoja. Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akaniuliza mama anaendeleaje.